Sakafu ya mbao: uchukue mashine ipi ya msasa?

Swali: "Nimehamia nyumba ya zamani yenye sakafu ya mbao: sebule, chumba cha kulala na korido, jumla kama mita za mraba 40. Vanishi imebabuka. Katikati ya sebule mbao zimebaki tupu, pembeni vanishi bado ni nene na nyeusi. Baadhi ya mbao zimepinda, kingo zimeinuka. Mwenye duka la kukodisha anasema nichukue ile mashine kubwa ya rola. Fundi ninayemfahamu anasema itanichimbia sakafu, ni bora ninunue mashine ya mkono nifanye kidogo kidogo. Sijawahi kupiga msasa sakafu maishani. Nimsikilize nani, na nikodi kwa siku ngapi?"

Jibu: Ndugu yangu, wote wawili wamekuambia kweli, lakini wote wameanzia kwenye mashine. Mimi nakuomba uanzie kwenye sakafu. Mashine huchaguliwa kwa mambo mawili: kiasi cha mbao unachohitaji kuondoa, na kiasi cha mbao ulichonacho cha kuondoa. Ukishayajua hayo, uchaguzi unakuwa mwepesi sana.

Anza na kiasi ulichonacho. Mbao nyingi za sakafu zimefumana: ubavu mmoja una ulimi, ubavu wa pili una mfereji, na ulimi wa ubao huu umeingia kwenye mfereji wa ubao wa jirani. Mbao unazoweza kupiga msasa ni zile tu zilizo juu ya ulimi. Msasa ukiukaribia ulimi, mdomo wa mfereji unabaki mwembamba kama ganda la yai, unapasuka kila mtu anapokanyaga, na vichwa vya misumari iliyofichwa huanza kuchomoza. Ubao mpya wenye unene wa milimita 20 kwa kawaida huwa na milimita 6 hivi juu ya ulimi. Kupiga msasa kikamilifu mara moja hula kama milimita 1, na mikononi mwa mtu mwangalifu hula pungufu ya hapo. Nyumba yako ni ya zamani, kwa hiyo hujui sakafu hiyo imeshapigwa msasa mara ngapi kabla yako.

Pima hivi. Kata kipande chembamba cha bati la kopo, upana wa kidole. Kitumbukize kwenye ufa kati ya mbao mbili mpaka kigote. Hapo kimegota juu ya ulimi. Weka alama ya penseli usawa wa uso wa ubao, kichomoe, kisha pima kwa rula kutoka ncha hadi alama. Rudia mahali kama sita, na usiache sehemu ya mlangoni na katikati ya korido, maana hapo ndipo palipolika zaidi. Ukipata milimita 3 au zaidi kila mahali, una mbao za kutosha kwa mashine yoyote nitakayoitaja hapa. Ukipata chini ya hapo, rola isiingie nyumbani kwako. Kama unaweza kung'oa kizingiti cha mlango mmoja, king'oe pia ili uone ubao kwa upande. Utajua mara moja kama ni ubao mzima au ni ubao wa tabaka, yaani mbao nzuri nyembamba iliyogandishwa juu ya mbao za kawaida. Zipo za tabaka zenye uso wa milimita 2 tu, na hizo huwa nakataa kuzipiga kwa mashine kubwa ya aina yoyote.

Sasa kiasi unachohitaji kuondoa. Vanishi peke yake si kitu, ni utando mwembamba. Kinachoamua ni zile kingo zilizoinuka. Weka rula ndefu ya chuma kukatiza ubao mmoja uliopinda na utazame mwanga unaopita chini yake. Nafasi ya nusu milimita ni kazi ya kawaida. Ikikaribia milimita 2, acha kwanza kufikiria mashine, tafuta maji. Ubao hupinda kingo juu kwa sababu chini yake kuna unyevu kuliko juu: bomba linalovuja, udongo mbichi chini ya sakafu, matundu ya hewa yaliyozibwa. Ukizisawazisha kingo hizo wakati unyevu bado upo, siku mbao zitakapokauka zitarudi zilivyokuwa, na safari hii katikati ya ubao ndiko kutakakovimba, kwa sababu kingo umeshazikata. Nimeitwa kurekebisha sakafu za namna hiyo, na mara nyingi hakuna cha kufanya ila kusubiri zikauke kisha kuzipiga upya, kama bado zina unene. Kwa hiyo tafuta chanzo, kizibe, ipe sakafu wiki kadhaa, upime tena kwa rula ile ile mahali pale pale.

Nitachukulia kwamba umepima, sakafu ni kavu, mbao ni nzima na juu ya ulimi una milimita 4 au 5. Tuje kwenye mashine.

Mashine ya rola ni mzigo mzito unaosukumwa kama toroli. Chini yake kuna rola yenye upana wa kama milimita 200, imevikwa msasa na inazunguka kwa kasi. Inashika sakafu kwa mstari mmoja ulionyooka, nao ni mgumu. Hiyo ndiyo siri yake. Ikipita juu ya ubao uliopinda hugusa kingo zilizoinuka tu, inazikata, na bonde la katikati hailigusi mpaka kingo ziteremke zifike usawa wake. Mashine zenye sahani laini chini hufanya kinyume: sahani hufuata umbo la ubao, inapanda na kushuka nalo, inasugua kila mahali kwa usawa. Mwisho wa siku una ubao uliopinda vile vile, ila unang'aa. Ndiyo maana mwenye duka alitaja rola, na kwa sakafu yako hakukosea.

Fundi wako naye hakukosea. Rola inakata muda wote inapogusa sakafu, iwe unatembea au umesimama. Ukisimama nayo kwa muda wa kupepesa jicho mara mbili, inachimba. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilikuwa nasukuma mashine kuelekea dirishani, mtu akaniita kutoka mlangoni, nikageuza kichwa. Sikuondoa mikono, sikuacha usukani, niligeuza kichwa tu na miguu ikasita. Wakati ule sikuona kitu. Tulipaka vanishi, na jioni jua lilipoingia kwa chini kupitia lile dirisha, likaonekana bonde limekatiza mbao tatu, upana wake ni ule wa rola, kina chake kinatosha maji kutuama. Tulilazimika kuvua vanishi yote na kuteremsha chumba kizima kifuate shimo moja. Tangu siku hiyo, mashine ikiwa chini siitiki hata nikiitwa kwa jina.

Kwa hiyo ukichukua rola, ichukue yenye mkono wa kushusha na kupandisha. Rola zipo za aina mbili. Zile za zamani huinuliwa kwa kuukandamiza mpini kwa nguvu za mwili wako, na hizo ni za watu waliozizoea. Nyingine ndizo zenye mkono huo, yaani wenzo au kitufe kwenye mpini: unaanza kutembea, unaishusha rola taratibu ikiwa tayari ipo kwenye mwendo, na kabla hujafika ukutani unaipandisha ukiwa bado unatembea. Mpe mwenye duka sharti hilo kabla ya kuzungumza bei.

Uliza pia msasa unafungwaje. Kuna rola inayovishwa shiti, ncha zake mbili zikibanwa kwenye mfereji kwa vipande vya chuma, na kuna inayotumia mkanda mzima wa duara. Ya mkanda ni bora zaidi. Pale shiti inapobanwa hubaki mshono, na mshono ukigonga sakafu mara nyingi kwa sekunde huacha mawimbi madogo yanayoonekana mwanga ukija kwa ubavuni. Kubadilisha mkanda pia ni kazi ya dakika moja, wakati shiti isiyobanwa sawasawa itachanika kabla hujamaliza mstari wa kwanza.

Kuna mashine nyingine ambayo hakuna aliyekutajia: ya sahani tatu au nne, zinazozunguka kila moja peke yake huku zikizungushwa zote pamoja chini ya bamba moja kubwa. Hii haichimbi ovyo. Ukisimama nayo haikuachii bonde, haijali nyuzi za mbao zinaelekea wapi, na mara nyingi imeunganishwa moja kwa moja na mashine ya kufyonza vumbi. Kwa sakafu ya vipande vilivyopangwa kwa mapambo, ambako nyuzi zinakwenda kila upande, na kwa mbao laini kama msonobari, ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kwa mtu asiyewahi kupiga msasa, mwenye sakafu iliyonyooka, nisingesita hata kidogo kumpa hii. Udhaifu wake ni huo wa sahani kufuata umbo. Kingo zilizoinuka nusu milimita itaziweza ukiivisha msasa mkali wa namba 24 au 36 (namba ndogo ndiyo yenye punje kubwa) na ukawa na subira. Zaidi ya hapo utamaliza sahani na siku, na bonde litakuwepo.

Ipo pia ya bamba la mstatili linalotikisika. Maduka mengi huipendekeza kwa wanaoanza kwa sababu ni salama kabisa. Usalama huo unatokana na udogo wa kazi yake: kwenye vanishi nene huteleza juu juu na kuipasha joto mpaka inakuwa gundi. Iache kwa kazi ya kulainisha mwisho.

Basi kwako ningefanya hivi. Kama kingo zimeinuka pungufu ya nusu milimita, chukua ya sahani tatu, ulale usingizi. Kama ni zaidi, na umeshahakikisha sakafu ni kavu, kodi rola ya mkanda kwa msasa wa mwanzo na wa pili tu, kisha umalizie kwa ya sahani. Rola itasawazisha, sahani zitafuta alama za rola. Anza na chumba cha kulala, upande ambao kitanda kitafunika. Mkono wako utajifunza hapo.

Mashine ya mkono ile ya sahani ya milimita 125 au 150 usiikatae, ila ijue kazi yake. Mita za mraba 40 kwa magoti, kwa msasa wa namba tatu au nne tofauti, ni wiki za mateso, na matokeo yake ni sakafu yenye vishimo, kwa sababu mkono huelemea pale vanishi inapogoma. Inunue kama una uwezo, lakini kwa ajili ya kuunganisha pembeni na katikati. Nitarudi hapo.

Mashine yoyote kubwa huacha utepe wa upana wa kiganja na zaidi kando ya ukuta usioguswa. Utepe huo ni wa mashine ya kingo, ndogo, nzito, yenye sahani moja ya milimita 150 hadi 178, inayoshikwa kwa mikono miwili ukiwa umeinama au umepiga magoti. Wengi huisahau wanapokodi, na wengine huidharau kwa udogo wake. Kwa kweli hii ndiyo inayoharibu sakafu nyingi kuliko rola. Sahani yake huzunguka mahali pamoja, na ukiiegemea huchora miduara ambayo huioni mpaka vanishi ya kwanza iguse mbao. Usiikandamize. Ina uzito wake yenyewe, wewe iongoze tu, iende na kurudi kwa nusu miduara midogo, ukiingia ukutani na kutoka. Badilisha msasa mapema kuliko unavyodhani, kwa sababu msasa uliokufa ndio unaokushawishi uegemee. Ukimaliza, chukua ile mashine ya mkono ya sahani ya 150 na upite kwenye mpaka ambapo kazi ya kingo inakutana na kazi ya mashine kubwa. Mpaka huo usipofutwa, chumba kitaonekana kama kimewekewa fremu.

Pembe za chumba, nyuma ya mabomba na chini ya fremu za milango hakuna mashine inayofika. Hapo watu hununua kimashine cha pembetatu, nacho kinasaidia, lakini mimi napenda zaidi kikwaruzo cha mkono: bamba la chuma gumu lenye makali yaliyokunjwa, kwenye mpini, na faili ya kukinoa kila baada ya dakika chache. Ukikivuta kwa kufuata nyuzi za mbao, kikiwa kimenolewa vizuri, vanishi inatoka kwa vijikunjo kama maganda ya kitunguu na mbao iliyobaki chini ni laini kuliko iliyopigwa msasa. Kikianza kutoa unga badala ya maganda, kimekufa makali, kinoe. Ni chombo cha bei ndogo kuliko vyote hapa, nawe utakishukuru kwenye kila kona.

Sasa msasa wenyewe, maana mashine nzuri na msasa mbaya ni kazi bure. Namba ikiwa ndogo, punje ni kubwa na zinakata kwa ukali. Kwa vanishi nene na kingo zilizoinuka anza na 36 au 40, uende 60, kisha 80, umalize 100 au 120. Usianze na 24 kwa sababu tu umeikuta kwenye boksi. Kila mkwaruzo wa 24 lazima ufutwe na namba zinazofuata, na kina cha mkwaruzo huo ni mbao zako. Jaribu kwanza 60 mahali pamoja. Kama inaondoa vanishi bila kujaa na bila kuunguza, anza nayo. Sheria ninayoishika ni hii: anza na punje ndogo kuliko zote zinazoweza kuifanya kazi, na ukishaanza usiruke namba. Kutoka 36 kwenda 100 ni kujidanganya. Msasa wa 100 utalainisha vilele vya mikwaruzo na kuyaacha mabonde yake, nayo yatakuja juu rangi au vanishi ikiingia.

Kwa namba za mwanzo tafuta msasa wa zirkonia au wa seramiki, unadumu na hauungui haraka. Kwa kulainisha, ule wa kahawia wa oksidi ya aluminiamu unatosha. Mbao zenye utomvu na vanishi za zamani huujaza msasa, kwa hiyo omba wenye punje zilizoachana. Kama sakafu iliwahi kupakwa nta, ifute kwanza kwa spiriti ya kusafishia rangi na kikwaruzo, la sivyo kila mkanda utakufa baada ya mita chache. Chukua msasa mwingi kuliko hesabu yako, kwa makubaliano kwamba usiofunguliwa utaurudisha. Msasa ukiisha jioni maduka yamefungwa, mtu huendelea na ule uliokufa, na hapo mbao zinaungua.

Kila ukibadilisha namba, fyonza vumbi lote, pamoja na kwenye nyufa na juu ya skatingi, ule ubao wa chini ya ukuta. Punje moja ya msasa wa 36 iliyobaki sakafuni, ikiburutwa chini ya sahani ya 100, itachora mkwaruzo mrefu ambao utautafuta chanzo chake usikione. Na ili ujue kama umemaliza namba moja, chora mistari ya penseli kukatiza chumba kizima kabla hujaanza namba inayofuata. Mistari ikiisha yote, umepita kila mahali. Ikibaki kipande, kipo kwenye bonde. Kisha zima taa, laza tochi sakafuni na utazame kwa macho ya chini kabisa. Kila kosa litaonyesha kivuli chake.

Kwa mbao zilizopinda, pita ya kwanza ya rola iende mshazari kidogo kuvuka nyuzi, ili irukie kutoka ukingo hadi ukingo bila kuzama bondeni. Zinazofuata zote zifuate nyuzi. Kila mstari uufunike nusu ya mstari uliotangulia.

Dukani, kabla hujatoa pesa, igeuze mashine. Pitisha kidole kwenye magurudumu yake. Vanishi ya sakafu za watu wengine hugandia hapo na kukauka kama kokoto, na gurudumu lenye kokoto huifanya mashine nzima iruke, nayo rola inaandika kila mruko sakafuni kwako. Kokoto hizo zikwanguliwe mbele yako. Kagua mpira wa rola usiwe umechanika, mfuko wa vumbi usiwe na tundu, mkono wa kushusha uteremke polepole bila kuanguka ghafla. Iwashe. Mkanda ukae katikati bila kutambaa kuelekea upande mmoja. Ukipewa "ni hiyo hiyo tu iliyopo" na haina hali hizo, nenda duka jingine.

Umeme usiupuuze. Mota ya zaidi ya wati 2,000 ikilishwa kwa ekstensheni nyembamba hupungukiwa nguvu, inapata joto, inaungua, na utailipa. Tumia waya wa milimita za mraba 2.5, usiwe mrefu kuliko unavyohitaji, na ukunjue wote kutoka kwenye kiviringo chake, kwa sababu ukibaki umejiviringisha hupata joto mpaka kuyeyuka. Upitishe begani, mashine iwe mbele na waya nyuma. Washa rola ikiwa imepandishwa. Kubadilisha msasa ni baada ya kuchomoa plagi, si baada ya kuzima swichi.

Kabla ya yote hayo, siku moja nzima iende kwenye misumari. Tembea sakafu yote na nyundo na panchi, kila kichwa cha msumari kizame milimita 3 chini ya uso. Mbao zinazocheza zikazwe kwa skurubu zilizozamishwa pia. Msumari mmoja unachana mkanda mzima, na cheche zake zinafyonzwa moja kwa moja kwenye mfuko uliojaa unga mkavu wa mbao na vanishi.

Kuhusu mfuko huo nisikilize vizuri. Unga wa msasa wenye vanishi au mafuta ndani yake unaweza kushika moto wenyewe, saa kadhaa baada ya wewe kuzima mashine na kwenda kulala. Usisubiri ujae. Umwage ukifika theluthi moja, na kila ukimaliza kazi au kupumzika kula, uumwage nje ya nyumba, kwenye chombo cha chuma, mbali na ukuta. Usiuache usiku ndani ya mashine hata kama una unga kiganja kimoja. Vitambaa vya mafuta ya kupaka mbao vina tabia hiyo hiyo, vitandaze nje vikauke au vilowekwe majini.

Vumbi la mbao si uchafu tu. Mwaka 1995 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliliweka kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na matundu yake. Hayo yanawahusu zaidi wanaolivuta kila siku kwa miaka, lakini siku zako mbili pia zinastahili barakoa ya kuchuja vumbi ya daraja la FFP2 au zaidi iliyokaa sawasawa usoni, miwani ya kufunga pembeni, na vizuia kelele vya masikio. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hili.

Na kuna sakafu mbili ambazo hupaswi kuzigusa na msasa wowote kabla ya kupima. Moja ni iliyopakwa rangi za zamani, maana zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Ya pili ni yenye gundi nyeusi iliyobaki chini ya vigae vya zamani vya plastiki, inayoweza kuwa na asbesto. Hata kama sebuleni una vanishi tupu, chungulia kabatini na chini ya zulia la korido. Nyumba za zamani huficha.

Siku za kukodi: mbili, si moja, na misumari iwe imeshamalizika kabla hujaifuata mashine. Asubuhi ya kwanza mashine kubwa kwa namba ya mwanzo vyumba vyote, mchana kingo kwa namba hiyo hiyo, jioni namba ya pili. Siku ya pili 80 na 100, kingo, mpaka, kona. Katikati ya chumba kazi huenda haraka kuliko unavyotarajia. Ni kingo zinazokula saa zako: korido yako ni ndogo, lakini karibu yote ni kingo, kwa hiyo itenge asubuhi nzima. Kama kuna mtu wa kukusaidia, mpe mashine ya kingo uliyokwisha kumfundisha, mfuatane chumba kwa chumba. Ukirudisha mashine jioni ya pili, fyonza mara mbili, ufunge madirisha, upitishe kitambaa kikavu, na vanishi ya kwanza iwe kesho yake, kabla mbao tupu hazijakanyagwa kwa viatu.